Yangambi: kijana asitupwe uwanjani bila kutayarishwa

Kijana akimaliza sekondari Yangambi na kuingia chuo, IFA au Kisangani, uwanjani anakutana na watu wazima. Akiumia goti, husemwa ni mlegevu. Hapana! Kosa ni la wanaomchezesha leo na kumtafutia mazoezi kesho.

Mazoezi ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, walau mara mbili kwa wiki: kukimbia, kuimarisha mapaja na tumbo, kuruka na kutua vizuri. Hayahitaji mashine.

Na mtoto wa familia iliyokimbia vita, anayekula mara moja kwa siku? Asikimbizwe mpaka aanguke. Ale kwanza.

Wazazi, kabla ya mechi ulizeni kocha: mtoto huyu ametayarishwa namna gani?