Moshi umepigwa marufuku, sasa tusaidieni kuacha

JANUARI 2024, mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa kuuza na kuvuta shisha. Hakimu hakusema shisha ni salama. Alisema Waziri hakufuata utaratibu wa kupitisha kanuni za 2017 bungeni. Lakini huku maskani, kutoka Kisauni hadi Likoni, wengi walisikia neno moja tu: ruhusa.

Hakuna ruhusa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ipo palepale. Ukivuta ndani ya baa, mkahawa au matatu, nje ya sehemu iliyotengwa rasmi, faini ni hadi Sh50,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Na shisha yenye tumbaku ni tumbaku, hata ikinukia embe. Shirika la Afya Duniani linasema kikao kimoja kinaweza kukuvutisha moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Dada anayebadilisha makaa hapo usiku kucha havuti, ila mapafu yake yako kazini pia.

Hapo tunakubaliana na serikali. Tunapotofautiana ni kwenye kuacha.

Maana kuacha si mchezo, bana. Nikotini ikikatika, wiki ya kwanza kichwa kinauma, usingizi unapaa, kila mtu anakukera. Ukitoka tu nje, kioski kinauza fegi moja moja, ilhali sheria inataka pakiti isiyopungua sigara kumi. Ipo chingamu na plasta ya nikotini ya kupunguza hamu, lakini kijana wa vibarua Changamwe atainunua na nini? Fegi moja anaimudu leo, dozi ya wiki kadhaa hapana. Kwa hiyo anarudi palepale, halafu tunamwambia hana msimamo.

Pesa si kisingizio. Kanuni za 2014 zinazitaka kampuni za tumbaku kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye Hazina ya Kudhibiti Tumbaku. Kampuni ya BAT ilipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Kazi mojawapo ya hazina hiyo ni kuwasaidia watu waache. Sasa msaada wenyewe uko wapi huku ng'ambo ya kivuko?

Hatuombi jengo jipya. Tunataka hospitali za Likoni na Port Reitz ziwe na siku moja kwa wiki, muuguzi aliyefunzwa, na plasta bila malipo. Kisauni nayo isisahauliwe. Polisi wakikuta kijana anavuta ndani, wamwambie pia pa kwenda Jumatatu.

Kwa sasa kuna laini ya NACADA, 1192. Kupiga ni bure. Na hamu ikikushika, ngoja dakika chache, kunywa maji, ondoka hapo maskani kwanza. Huwa inapita.