Mashine Iliyokataliwa Nyumbani Kwake



Wapendwa waamini, juma hili Padre wenu aliitwa katika ofisi moja hapa Tukuyu, si kwa ajili ya kubariki jengo, bali kusuluhisha ugomvi uliosababishwa na kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa imetolewa katika kikoa, yaani kundi la mashine zinazoitambua seva moja na kuitii, ili isafishwe virusi. Iliporudishwa, ikakataliwa. Kila ilipojaribu kujiunga ilijibiwa kwamba kikoa hakipatikani. (Wazee wetu walijua maana nyingine ya kikoa: chakula cha shirika ambacho kila mmoja hukiandaa kwa zamu. Neno limechaguliwa vizuri.)

Kabla ya kuchunguza lolote, hukumu ilikwisha kutolewa: karani, kijana anayeitumia mashine hiyo, ameichezea. Akaambiwa asije kazini mpaka aitwe. Fundi wa kwanza akashauri kila kitu kifutwe na kuanza upya, ingawa ndani yake mlikuwa na hesabu ambazo hazikuwa na nakala popote.

Nilimwomba muumini mmoja aliyesomea kazi hiyo apande basi kutoka Mbeya. Alianza na waya, akauona mzima. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mashine hii ikitafuta jina, inamwuliza nani? Kumbe aliyeisafisha alikuwa ameielekeza kwa 8.8.8.8, anwani ya kampuni ya Google inayotafsiri majina ya tovuti za ulimwengu mzima. Ndiyo maana intaneti ilifunguka bila shida, na wote wakaamini mtandao ni mzima. Lakini jina la kikoa cha ofisi halijulikani huko nje. Linajulikana kwa seva ya ofisi peke yake. Mashine ilijua njia ya kufika Roma, isijue mlango wa chumba cha pili. Akaandika anwani ya seva ya ndani, na kikoa kikaonekana.

Hata hivyo haikupokelewa. Safari hii ilijibiwa kwamba saa yake haipatani na ya seva. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana jambo hili lilinifurahisha. Ulinzi wa kikoa hutumia utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Mashine hupewa tiketi yenye muda maalumu, ili mwizi akiinakili asiweze kuitumia baadaye. Kwa kawaida saa zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, tiketi hukataliwa. Mashine yetu ilichelewa kwa karibu nusu saa. Nanyi mnazijua mvua za Rungwe na radi zake: kila jioni plagi ilichomolewa kwa tahadhari, na usiku kucha saa ikategemea betri ndogo ya duara iliyo ndani, nayo ilikuwa imechoka. Betri ikabadilishwa, saa ikarekebishwa, msimamizi wa seva akaandika nywila yake, na mashine ikapokelewa. Hakuna hesabu iliyopotea.

Maoni yangu ni haya, na najua baadhi yenu hamtayapenda. Fundi aliyetaka kufuta kila kitu nimekwisha kumsamehe. Alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Sisi tuliomhukumu karani hatukuwa na haraka yoyote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inamhesabu kuwa na hatia ya hukumu ya haraka hata yule anayeamini kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, kosa la kimaadili la jirani yake. Ofisi ile ilifanya zaidi ya kuamini kimoyomoyo. Ilisema hadharani, na habari zikafika katika Jumuiya ya kijana huyo kabla yake. Mama yake aliniuliza baada ya Misa kama ni kweli mwanawe ameiba. Neno wizi halikuwa limetamkwa ofisini. Lilizaliwa njiani.

Kijana amerudi kazini tangu Jumatano. Mashine ilirudishwa kikoani mbele ya watu wote, kwa makofi. Yeye aliitwa kwa simu, akaambiwa aje tu, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyemwomba radhi.