Tovuti ya Mfanyabiashara Mdogo: Nani Ashike Funguo?

Fundi wa kuchora mabango akimaliza kazi yake huosha brashi, hupokea ujira wake, akaenda zake. Bango alilolichora juu ya mlango wa duka halimhitaji tena. Jua litalifubaza na mvua italichakaza, lakini litasomeka kwa miaka mingi, wala mwenye duka hatalazimika kumtafuta fundi yule ili bango liendelee kusema lililoandikwa. Kwa mazoea hayo hayo ya bango, wafanyabiashara wengi wadogo wa Afrika Mashariki huagiza tovuti: bei moja, malipo ya mara moja, kisha kwaheri ya kuonana. Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti nao huziuza kwa mtindo huo. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Tabia ya tovuti inakaribia zaidi ile ya mashine ya kusaga unga, ambayo isipotiwa mafuta na kubadilishwa mkanda husimama, na siku ya kusimama kwake ndiyo siku ambayo wateja wamejipanga mlangoni.

Sababu yake haina siri. Tovuti ni mkusanyiko wa mafaili yaliyowekwa katika kompyuta iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana. Kompyuta hutambuana kwa namba, na kwa kuwa binadamu hakumbuki namba ndefu, mtaalamu wa Marekani aitwaye Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa majina ya vikoa, ambao kazi yake yafanana na ya kitabu cha simu. Mteja akiandika jina la duka katika simu yake, kivinjari huuliza kwanza mfumo huo, hupewa namba, ndipo huenda kupiga hodi katika seva yenyewe na kurudi na ukurasa. Kwa hiyo, ili ukurasa mmoja wa fundi seremala uonekane, vitu vitatu hapana budi viwe hai kwa wakati mmoja: jina, nafasi katika seva, na mafaili. Viwili vya kwanza havinunuliwi kabisa. Hukodishwa, na kodi ikikatika mpangaji hutolewa.

Katika hivyo vitatu, jina ndilo lenye thamani kubwa, na ndilo linaloshikwa kizembe kuliko vyote. Imezoeleka kwamba fundi, kwa nia njema au kwa haraka tu, husajili jina la biashara ya mteja kwa kutumia anwani yake mwenyewe ya baruapepe na nywila yake mwenyewe. Mteja hajui kwamba jambo hilo limetokea. Mathalan, mwenye nyumba ndogo ya wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar amelipa, ameiona tovuti ikifanya kazi, ameandika anwani yake katika kadi na katika gari la kuwachukulia wageni. Mwaka unapita. Ilani ya kulipia jina inafika katika baruapepe ya kijana ambaye amekwisha kuhamia mji mwingine na kubadili namba ya simu. Kwa majina yanayoishia na .com, msajili aweza kumvumilia mdaiwa hadi siku 45. Baada yake hufuata siku 30 ambamo jina hukombolewa kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku 5 za kungojea kufutwa. Jina likifutwa, mtu yeyote duniani aweza kulichukua. Wapo wanaofanya biashara ya kuyavizia majina ya namna hiyo, kwa sababu jina lililokwisha kutembelewa na watu huvuta wageni hata baada ya mwenyewe kuondoka. Mgeni anayetafuta chumba cha kulala huangukia matangazo ya kamari, na mwenye nyumba hawezi kufanya lolote, kwani katika daftari la msajili hajawahi kuwa mmiliki.

Asidhani mtu kwamba usahaulifu huu ni aibu ya wanyonge peke yao. Disemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina passport.com, ambalo huduma yake ya baruapepe ya Hotmail ililitegemea ili kuwapokea watumiaji. Ada yenyewe ilikuwa dola 35. Aliyeilipa alikuwa mtaalamu mmoja wa kompyuta asiye mwajiriwa wa kampuni hiyo, aliyechoka kungojea. Kampuni kubwa humpata mtu wa kuilipia deni. Nyumba ya wageni yenye vyumba 6 haina bahati hiyo.

Basi lipo jibu rahisi, na ni ajabu kwamba latendwa na wachache. Jina lisajiliwe kwa jina la mteja, kwa baruapepe ya mteja, na ada ilipwe kwa mkono wa mteja, hata kama fundi ameketi kando yake akimwelekeza. Fundi apewe ruhusa yake mwenyewe ya kuingia, yenye nywila yake mwenyewe, ambayo mteja anaweza kuifuta siku watakapoachana. Baadhi ya mafundi hupinga. Husema kwamba mteja aliyeshika funguo zote atamwendea fundi mwingine wa bei nafuu. Yamkini atakwenda. Lakini fundi anayemzuia mteja kwa kumfichia ufunguo amekwisha kukiri kwamba kazi yake haitoshi kumzuia.

Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba mfanyabiashara mdogo hahitaji tovuti hata kidogo, kwa kuwa WhatsApp, Facebook na Instagram humpa wateja bila gharama. Kwa mama lishe ambaye wateja wake wote wanafanya kazi katika mtaa ule ule, hoja hiyo ni kweli, na fundi mwaminifu anapaswa kumwambia hivyo badala ya kumtoza fedha. Ama kwa yule ambaye wateja wake wanatoka mbali, kutegemea kibanda cha bure katika uwanja wa mtu mwingine ni hatari iliyokwisha kuthibitika. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities, iliyokuwa imebeba mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa muda wa saa 6 hivi. Machi 2024, Google ilizifunga tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wamezitengeneza kupitia huduma yake ya kuorodhesha biashara. Katika kila tukio, aliyekuwa na jina lake mwenyewe aliweza kulielekeza mahali pengine. Asiye nalo alianza upya.

Jina likiwa salama, linabaki suala la mafaili yenyewe, na hapa ndipo utunzaji unapodharauliwa. Tovuti nyingi za biashara ndogo hutengenezwa kwa programu iitwayo WordPress, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Ni programu ya bure na yenye manufaa makubwa, maana humwezesha asiyejua kuandika lugha za kompyuta kubadilisha bei au picha kwa urahisi. Hata hivyo, kama ilivyo kwa programu zote kubwa, makosa hugunduliwa ndani yake mara kwa mara. Tarehe 26 Januari 2017 lilitolewa toleo la 4.7.2, lililoziba tundu ambalo lingempa mtu yeyote wa nje uwezo wa kuandika upya maneno ya kurasa za wengine. Watengenezaji wake walinyamaza kwa siku chache ili tovuti zipate nafasi ya kujirekebisha, kisha tarehe 1 Februari wakaeleza lilivyokuwa. Katika siku zilizofuata kurasa zaidi ya milioni moja zikachafuliwa. Zilizonusurika ni zile zilizokwisha kuhuishwa, na nyingi kati yake zilijihuisha zenyewe, kwani tangu mwaka 2013 programu hiyo ina uwezo wa kupokea marekebisho madogo bila kuguswa na mtu.

Kwa nini basi nyingine hazikujihuisha? Sababu moja inahusu ufundi wenyewe, na wanafunzi wa kompyuta wanapaswa kuizingatia. Fundi anapotaka rangi au mpangilio fulani, njia ya mkato ni kuchakura moja kwa moja ndani ya mafaili ya asili ya programu. Siku ile tovuti hupendeza. Lakini toleo jipya likija hufuta kila alichokifanya, kwa hiyo fundi huyo, ili kazi yake isiharibike, huzima uhuishaji. Amefunga dirisha la dawa ili asisumbuliwe na upepo. Njia iliyo sahihi ni kuweka mabadiliko katika mafaili ya pembeni yasiyoguswa na toleo jipya. Huchukua muda zaidi, na mteja haioni tofauti yake siku ya kukabidhiwa.

Kwa kweli biashara nyingi ndogo hazihitaji hata programu kubwa kiasi hicho. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, mwenye kurasa 5 za picha za vitanda, makabati na namba ya simu, aweza kuhudumiwa na mafaili mepesi ya HTML yasiyo na hazina data nyuma yake. Mafaili hayo hayana mlango wa kuvunjwa kwa urahisi, wala hayazeeki haraka. Ukurasa wa kwanza kabisa wa mtandao, uliotungwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN mjini Geneva, ulirejeshwa hewani na kituo hicho mwaka 2013, na vivinjari vya leo vinaufungua bila taabu. Kinyume chake, tovuti zilizopambwa kwa michoro ya Flash, iliyokuwa fahari ya mafundi wa miaka ya 2000, zilibaki na sehemu tupu baada ya Adobe kusitisha programu hiyo tarehe 31 Disemba 2020.

Uzito wa kurasa nao ni suala la haki, ingawa hutajwa kama suala la ufundi tu. Picha ya simu ya kawaida yenye upana wa nukta 4,000 na urefu wa nukta 3,000 ina nukta milioni 12. Ikibanwa kwa njia ya JPEG yaweza kuwa na megabaiti 4 hivi. Kioo cha simu anayoitumia mteja hakihitaji upana unaozidi nukta 1,000. Picha hiyo ikipunguzwa hadi nukta 1,000 kwa 750, idadi ya nukta hugawanyika kwa 16, na uzito hushuka hadi karibu robo ya megabaiti. Picha 10 za kwanza ni megabaiti 40. Picha 10 za pili ni megabaiti mbili na nusu. Mteja mwenye kifurushi cha megabaiti 100 ataifungua tovuti ya kwanza mara 2 na kifurushi kitakuwa kimekaribia kwisha. Ya pili ataifungua mara 40. Fundi anayepachika picha nzito kwa sababu ofisini kwake kuna mtandao wa kasi anamtoza mteja wa mteja wake ada ambayo hakuna aliyeitangaza.

Juu ya yote hayo yamo maneno yenyewe. Bei ya mwaka juzi, namba ya simu isiyopokelewa, salamu za sikukuu iliyokwisha kupita miezi minane: hayo humwambia mgeni kwamba duka limefungwa. Ukurasa mkongwe hudhuru kuliko kutokuwa na ukurasa. Kwa sababu hiyo mkataba wa tovuti ungefaa kutenganisha bei ya kutengeneza na bei ya kutunza, na kutaja wazi ni nani anayebadilisha bei, ni nani anayeweka nakala rudufu na wapi, na jina linalipiwa tarehe ngapi. Karatasi moja yatosha. Mteja ambaye hataki kulipia utunzaji ana haki ya kukataa, mradi afundishwe kuufanya mwenyewe.

Mafunzo ya shule kwa kawaida huishia pale ukurasa unapotokea kwenye kioo. Mwanafunzi hupewa alama kwa rangi, kwa picha na kwa viungo vinavyofunguka, kama kwamba maisha ya tovuti yamekwisha siku ile ile. Zoezi la kufaa zaidi halihitaji vifaa vipya. Kundi moja la wanafunzi litengeneze tovuti ya duka la kubuni, liandike karatasi ya makabidhiano, kisha mwalimu alitoe nje ya chumba. Kundi la pili lipewe karatasi hiyo tu, likiwa na kipindi kimoja cha dakika 40 kubadilisha bei ya bidhaa moja, kuweka namba mpya ya simu, na kutengeneza nakala rudufu. Likishindwa, alama zipunguzwe kwa kundi la kwanza.