Shimizi ya pamba inatosha ku ziwa

Joto ya mwezi wa kumi imefika. Mu Ruashi vumbi nyekundu inaingia mpaka mu sahani, mvua haijaamua kama itakuja, na watu wanatafuta maji. Saa hii njo vikundi vya likelemba, vijana wa kanisa na wafanyakazi wa kampuni wanaanza kupanga sortie. Wengine wanasema Kipopo, kwa sababu iko karibu. Wengine wanasema Mwadingusha, kwenye ziwa la Lufira. Wale wenye makuta kidogo wanataja Kalemie, ziwa Tanganyika, muchanga wa kweli. Na kila mwaka tunaona kitu kimoja: kijana anajua tarehe, amelipa basi, amelipa chakula, lakini usiku halali kwa sababu ya nguo.

Mwaka uliopita kijana mmoja wa avenue yetu alikamata lambert ya dola 80. Musomaji anajua lambert: ule mukopo wa kartiye, bila karatasi, ambao mwezi ukiisha unarudisha deni na nusu yake juu. Dola 80 ikawa 120. Akachelewa mwezi wa pili, ikawa 160. Alinunua nini? Shimizi ya kung'aa yenye kichwa cha simba wa dhahabu mbele na nyuma, pantalo ya kubana mpaka ku kifundo, mukaba wenye herufi kubwa za nyumba ya mitindo ya Italia (herufi zilikuwa za Italia, mukaba haukuwa), na bilato vyeusi vya ncha kali. Tulikuwa naye mu basi. Mbele ya kufika Likasi shimizi ilikuwa imeshikamana na mugongo wake kama karatasi ya plastiki juu ya nyama. Kule ku maji wenzake waliingia, waliimba, walichoma samaki. Yeye alibaki karibu na basi. Muchanga ulikuwa unaingia mu bilato, na pantalo ilikuwa inamukataza kukaa chini. Alichunga mizigo ya wenzake siku nzima. Deni ilimalizwa na mama yake, kwa feza ya makala anayouzisha ku mulango.

Hatuandike haya kwa kumucheka. Tunaandika kwa sababu hakuwa peke yake, na kwa sababu hakuna mutu aliyemwambia mbele kwamba mwanaume anaweza kuonekana muzuri ku ziwa bila kujifunga mu deni.

Tunachoomba ni kidogo. Shimizi moja ya pamba, ya rangi moja, mikono mifupi ao mirefu ya kukunja. Pantalo ya kitani (kile tunaita lin) ao ya pamba nyepesi, pana kidogo, inayoweza kupandishwa mpaka ku magoti mutu akitaka kutia miguu mu maji. Ao kaputula safi inayofika ku magoti. Sandale ya ngozi, hata ile ya pneu ya mutoka ambayo inashonwa hapa hapa na inaishi kuliko mwenye kuivala. Kofia ya majani. Bas.

Juu ya rangi tuseme ukweli. Mu vitabu vya mitindo wanapenda nyeupe. Wale wanaoandika vile vitabu hawajatembea pa Ruashi. Mutu akitoka mu nyumba saa mbili na kitani cheupe, saa tatu kimekuwa rangi ya matofali. Sisi tunashauri rangi ya muchanga, majivu, kaki, ao bluu ile ya maji ya asubuhi. Vumbi ikikaa juu yake haipige kelele.

Kwa nini kitani na pamba, na si kile kingine kinachong'aa? Kwa sababu ya jasho. Kitani kinatoka mu shina ya mumea unaolimwa sana kaskazini ya Ufaransa na Ubelgiji. Pamba tunaijua, inatoka mu tunda lake. Zote mbili zinakunywa maji ya mwili na kuacha upepo upite, na kitani kinakauka haraka zaidi. Polyester inatengenezwa na petroli. Haikunywe kitu. Jasho inabaki pale kati ya nguo na ngozi, inachemka, na saa sita wenzako wanaanza kukaa mbali kidogo bila kusema sababu.

Kuna namna ya kujua mbele ya kulipa, na wamama wa soko wanaijua kuliko sisi. Omba muuzishaji uzi mumoja tu, unaotokea ku upindo ndani. Uchome na kiberiti. Pamba na kitani zinaungua sawa karatasi, zinanuka karatasi, na majivu yake ni laini, unayasugua na vidole yanapotea. Polyester inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi na harufu ya plastiki. Muuzishaji akikataza kuchoma uzi, endelea na safari yako.

Tuna siri ingine, na tunaitoa bure. Mu fripe, mu yale mabalo ambayo ndugu zetu wa Zambia wanaita salaula, kitani kinalala chini kabisa. Vijana wanakiruka kwa sababu kimekunjamana, wanazani ni kitambaa cha kupangusia. Wanachukua yenye herufi. Sisi tumetoa mule shimizi za wazee wa Ulaya, zilizovaliwa miaka mingi na kufuliwa mpaka zikawa laini, kwa bei ya bia mbili. Ile mikunjo njo asili ya kitani. Hapa tunajua tunagusa jambo gumu, kwa sababu mama wa Lubumbashi hawezi kuacha mutoto wake atoke na nguo yenye mikunjo. SNEL ikikata moto, pasi ya makala iko pale. Mama, tusamehe. Ya kanisa, piga pasi. Ya ziwa, kung'uta, tundika, inatosha.

Na kama fripe haikupendeze, washonaji mu Ruashi hawakosekane. Karibu kila avenue iko na mutu na mashine yake chini ya barza. Mumoja wao, muzee ambaye anatushonea tangu hatujaoa, alituambia maneno haya akiwa na sindano mu kinywa: «Bale bana bananiletea foto mu telefone, banasema, Papa, weka herufi hapa, weka ingine hapa. Miye nabauliza: weye uko muntu ao uko panneau?» Yeye anaomba tu kitambaa kizuri cha pamba kinachopitia Kasumbalesa, kilichoziwishwa mu maji usiku mumoja mbele ya kukatwa, kwa sababu pamba inarudi nyuma ikifuliwa mara ya kwanza. Wengi wanaruka hii, halafu kisha wiki mbili wanasema mushonaji aliiba kitambaa.

Sasa tufike kwa wakubwa wetu. Tulipoanza kusema habari ya kaputula, papa mumoja wa kanisa letu alisimama: «Miye, papa ya batoto tano, nivale kaputula? Batoto batanicheka. Bakwe zangu batanicheka.» Kijana aliyekuwa pale alianza kucheka. Hatukucheka. Yule papa anajua kitu ambacho kijana hajui.

Wakati wa Wabelgiji, mu huu muji ulioanzishwa 1910 na kuitwa Elisabethville, mutu mukubwa mwenye muke na batoto, akifanya kazi mu nyumba ya muzungu, alivikwa kaputula nyeupe na akaitwa «boy». Mutoto. Bwana wake, yeye, alikuwa na kitani chake cha jioni na kofia. Ndiyo sababu wababa waliopata mushahara wa Union Minière, kitu cha kwanza walichonunua mara nyingi kilikuwa pantalo ndefu yenye mukunjo mbele, ukali kama kisu. Ile pantalo ilikuwa inasema: miye si mutoto. Halafu ikaja Zaire, na Mobutu akatuvalisha abacost, akakataza kostimi na karavati. Mpaka mwaka 1990, tarehe 24 ya mwezi wa ine, ndipo karavati iliruhusiwa tena. Wazee wetu wamevalishwa na wengine maisha yao yote. Mutu aliyepita mule akikataa kaputula, ana haki yake.

Lakini tunamwambia, Papa, kwa heshima yote: yule aliyekuvika kaputula ameenda. Leo ukiivala ni weye unaamua, na usipoitaka, pantalo pana ya pamba iko pale, na hakuna mukwe atacheka. Kitu kimoja tu tunakuomba, usiende ku muchanga na kostimi ya tergal. Tumekuona mwaka uliopita, na tulikuwa na woga juu ya roho yako.

Kwa wale wanaosema kwamba nguo ya kimya si desturi ya Mwafrika, tuwapeleke mashariki kidogo. Lamu, Mombasa, Zanzibari, wanaume waliozaliwa na bahari mbele ya mulango wanavaa kikoi: kitambaa cha pamba kinachofungwa ku kiuno, na mistari tu ku pembe. Na shati, ao fulana. Wale njo wenye pwani. Hawavae simba wa dhahabu. Na kanzu nyeupe, waungwana waliivaa mpaka Ujiji, mpaka Kasongo, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Kwa hiyo pamba nyepesi ya mwanaume mbele ya maji si kitu tulichokopa Paris.

Wapenzi wa sape watatuandikia, tunajua. Watatukumbusha Papa Wemba. Sisi pia tunamupenda, na mutu akitaka kuvaa rangi tatu na fimbo mu mukono siku ya mungu, ku barabara, tutasimama kumuangalia na furaha. Sape ni mahesabu ya rangi, ni mwendo, ni kazi. Lakini musapeur wa kweli anajua mahali. Hawezi kupeleka bilato vyake ku muchanga, atalia.

Kuna kitu kingine kinachotuuma mu hii habari, na hakihusu mitindo. Tangu 1917 wakubwa wetu walilimishwa pamba kwa nguvu mu hii inchi. Kule Tanganyika, Kongolo, Nyunzu, mutu alikuwa na shamba lake la pamba, atake asitake, na bei iliamuliwa na wengine. Kisha kukawa kiwanda Kalemie, wakati ule Albertville: Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma, pembeni ya lile ziwa ambako leo tunataka kwenda kupumzika. Wazee wa Kalemie wanakumbuka king'ora chake cha asubuhi na vitambaa vyake. Kikafa. Kwa hiyo tulilima pamba wakati hatukuitaka, na sasa tunaitaka, inatufikia mu mabalo, imevaliwa na mutu mwingine, ao mu konteneri, imechanganywa na petroli. Mutu anapanda treni Lubumbashi, anapita Kamina, anapita Kabalo, minsi na minsi, anafika ku ziwa ambako kulikuwa kiwanda cha pamba, na shimizi iliyo ku mugongo wake imetoka mbali kuliko yeye. Wanasiasa wetu wakija kuomba sauti mu Ruashi wanazungumza shaba na kobalti tu. Mine iko pale, tunaiona, vumbi yake tunaikula. Tungependa siku moja mumoja wao aseme neno juu ya pamba.

Tukingoja, tunarudia kwa yule kijana. Mwezi uliopita kikundi chao kilikutana kupanga sortie ya mwaka huu, na alikuja na shauri: kila mumoja atoe kidogo kidogo mu likelemba, wanunue pamoja roulo moja ya pamba ya rangi ya muchanga, na muzee wetu awakatie shimizi zote. Wamama wamesema wanataka libaya mu kitambaa kile kile; wanaume wamekataa, wakisema itakuwa ndoa. Mabishano yanaendelea. Muzee, yeye, ameisha kuchukua vipimo vya watu kumi na mbili, na anadai nusu ya feza mbele ya kugusa mukasi.

Na ile shimizi ya simba, tuliikuta jumapili kwa mama yake, imekatwa vipande. Alijaribu kuifanya kitambaa cha kupangusia meza. Anasema haikamate maji.