Jua Likipatwa, Tulinde Macho

Novemba 3, 2013 jua lilipatwa kikamilifu huko Turkana, tena kwa sekunde chache tu. (Lugha yetu husema "limepatwa" pasi na kumtaja aliyelipata!) Agosti 2, 2027 Luxor na Makka zitaingia gizani mchana, sisi tutaona jua lililomegwa, nalo huunguza vilevile.

Achunguliaye jua kupitia tundu la kamera hujitia hatarini. Lenzi hukusanya miale na kuimimina jichoni, na retina haihisi maumivu: mtu huungua asijue. Miwani ya kawaida na kioo cha masizi havifai. Kichujio maalumu cha jua na kifungwe mbele ya lenzi, si nyuma yake. Asiye nacho atoboe kadibodi kwa sindano, aiangushe taswira ya jua kwenye karatasi nyeupe, kisha aipige picha karatasi hiyo. Walimu wafunzwe haya mapema, wasije wakawafungia watoto madarasani.