Chaji Haiishi: Dai la Fizikia kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi huishia katika istilahi. Mmoja hudai kwamba lugha haina maneno. Mwingine humjibu kwa kuitaja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Makala haya yanashikilia kwamba wote wawili hawajagusa kiini cha suala. Neno chaji tunalo. Tusicho nacho ni maelezo ya kutosha yanayolitenga na semi zetu za kila siku.

Tuchukue mfano wa Meru na Embu. Huko, kama kwingineko nchini Kenya, stima "hupotea" na simu "huisha chaji". Semi hizi zinaeleweka na kila mtu, lakini zimebeba nadharia nzima: kwamba umeme ni kitu kama mafuta ya taa, hutiwa, hutumika, kisha huisha. Mwanafunzi wa sekondari aliyelelewa na semi hizo huambiwa darasani, kwa Kiingereza, kwamba chaji haiumbwi wala haiangamizwi. Huikariri sentensi hiyo, akafaulu mtihani, na ile nadharia ya mafuta ya taa ikasalia akilini mwake bila kutikiswa.

Fizikia yasemaje? Kila kitu, ukiwamo mwili wa msomaji na ukurasa huu, kimejaa chaji chanya za protoni na chaji hasi za elektroni. Kwa kuwa hulingana, hatuzihisi. Mtu akichana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, elektroni kadhaa huhama: upande mmoja huzidiwa, mwingine hupungukiwa, na jumla haibadiliki. Hapo ndipo kitana huvuta vipande vya karatasi. Jaribio hili hufaulu vyema katika nyanda kavu za Mbeere mwezi wa Februari, na hufifia katika ukungu wa Julai kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa sababu unyevu huzipa chaji njia ya kuponyoka. Zimeponyoka, hazikuisha.

Vivyo hivyo, betri ya simu iliyojaa haina chaji nyingi kuliko betri tupu. Chanya na hasi zake hulingana katika hali zote mbili. Kilichoongezeka ni nishati ya kikemikali. Tutazame pia Mto Tana, kusini mwa Embu, penye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tangu Kindaruma ianze kazi mwaka 1968, maji ya mto huo yamekuwa yakizungusha mitambo, nayo mitambo husukuma elektroni ambazo tayari zimo ndani ya nyaya. Na kwa kuwa mkondo wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hakuna elektroni inayosafiri kutoka Gitaru hadi mjini Meru. Kinachosafiri ni nishati.

Ni nani basi wa kuuchora mpaka baina ya chaji na nishati katika Kiswahili? Ni yule ambaye taaluma yake ni maana. Sisi ndio tunaojua kwamba umeme ni mwako wa mawinguni na pia nguvu ya nyayani, na kwamba stima ilikuwa meli ya mvuke kabla ya kuwasha taa. Atakayepinga atasema kwamba Kiingereza nacho kina utata uo huo katika neno lake la chaji. Ni kweli, ila Kiingereza kimeandikiwa vitabu tele vya kuuondoa utata huo.

Hatuna haja ya kumkataza mtu kusema simu yake imeisha chaji. Tunachohitaji ni kuandika. Katika Chuo Kikuu cha Chuka, kilicho baina ya miji ya Meru na Embu, na katika vyuo vingine vyetu, mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa fizikia hula katika ukumbi mmoja. Waketi pamoja, waandike kurasa mbili juu ya chaji, kisha wampe kijana wa sekondari azisome. Akiweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini usemi ule si fizikia, kazi imefanyika. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kukifanya kuwa lugha ya kuelewea ni jukumu letu.