Gharama ya Matumbawe Ilipwe na Nani?

Neno 'tengefu' wanafunzi wetu wengi hukutana nalo katika kamusi tu. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi wamelitia uhai. Mwaka 2005, baada ya kuona samaki wakizidi kuadimika, wenyeji walitenga eneo la bahari la hekta 30 hivi, wakaafikiana kwamba hakuna atakayevua humo. Ieleweke kwamba waliojinyima ni watu ambao chakula chao cha jioni hutegemea kilichonaswa na dema asubuhi. Samaki walirejea, na wageni wakaanza kuja kuwatazama. Mwaka 2017 juhudi hizo zilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Je, wanaochuma zaidi kutokana na bahari hiyo hiyo wamejinyima nini? Mchanga mweupe unaosifiwa na wenye hoteli umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na mwamba ndio unaovunja mawimbi hata mgeni akaogelea bila hofu.

Miaka michache iliyopita niliandamana na wanafunzi wangu hadi ufuo mmoja kusini mwa Mombasa. Maji yalikuwa yamekupwa. Nanga ilitupwa juu ya mwamba, watalii wakateremka na viatu vyao, wakasimama juu ya matumbawe ili wapigwe picha. Nilipomhoji kijana aliyewaongoza, alinijibu: "Mwalimu, nikiwakataza, kesho watapanda mashua ya mwenzangu." Nilikosa la kumwambia, kwani alisema kweli. Kule Kuruwitu hakuna aliyejinyima peke yake.

Matumbawe si mawe, ingawa wengi wetu tulifunzwa hivyo. Ni viumbe hai, na baadhi yake hukua kwa sentimita 1 tu au pungufu kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua mengi katika pwani yetu. Joto hilo hatuwezi kulizuia tukiwa Mombasa. Nanga na maji machafu twaweza.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwapo tangu mwaka 1968, lakini sehemu kubwa ya mwamba wetu imo nje ya mipaka yake. Huko ndiko serikali za kaunti hazina budi kuweka maboya ya kufungia mashua, na kumpokonya leseni yeyote atakayetupa nanga juu ya matumbawe, awe tajiri au kibarua. Gharama ya maboya itozwe hoteli kwa kila kitanda kinacholaliwa, na sehemu ya fedha hizo ikabidhiwe kamati za wavuvi wanaolinda maeneo tengefu.

Wenye hoteli watalalamika kwamba biashara imedorora. Wavuvi wa Kuruwitu nao walitenga bahari yao wakati samaki walipokuwa haba.